Tuwahesabu Ndege wa Mashamba Yetu

Wakazi wenzangu wa Kinoru, na ninyi jirani zetu wa Kaaga, Gitimbine, Makutano na Nkubu, mpaka Chuka na Embu: ninawaomba nusu saa. Nusu saa kila juma, kwa mwaka mzima, mkiwa nyumbani kwenu, daftari magotini na penseli mkononi. Kazi yenyewe ni kuandika ndege wanaofika uani na shambani kwenu. Ni nani aliyekuja, walikuwa wangapi, ilikuwa siku gani, na mvua ilikuwa imenyesha au la. Hakuna ada ya kulipa, na hakuna cheti utakachoulizwa kabla ya kuanza.

Agosti 2019 makarani wa sensa walipita nyumba kwa nyumba, na mwishowe tukajua kwamba kaunti ya Meru ina watu 1,545,714. Kwa hesabu hiyo hupangwa madarasa, zahanati na mgao wa fedha. Ndege tunaoishi nao hawajawahi kupata karani. Tukisikia habari za ndege wa Kenya tunafikiria heroe wa maziwa ya Bonde la Ufa, au mbuni wa Hifadhi ya Meru, au misitu ya Mlima Kenya. Wataalamu huenda huko, na wana haki ya kwenda. Lakini sehemu kubwa ya miteremko hii yetu si hifadhi wala si msitu. Ni chai na kahawa, migomba, miparachichi, makadamia, mistari ya migrevilea mpakani, ua wa kaiyaba, na sasa nyumba za kupangisha zinazoota kila mahali. Ndege anayeishi humu akipungua, hakuna askari wa wanyamapori atakayegundua. Atakayegundua ni wewe unayefungua mlango wa jikoni kila asubuhi, na utagundua kwa uhakika tu kama uliandika.

Nasema kwa uhakika kwa sababu kumbukumbu ya kichwani hutudanganya sote. Kila mzee atakwambia zamani ndege walikuwa wengi. Huenda ni kweli. Ila "wengi" si hesabu, na mtu akitaka kufyeka kijito au kumwaga sumu, neno hilo halimzuii.

Tazameni kilichotokea kwa ndege wawindaji. Katika miaka ya 1970 watu wachache waliendesha magari katika barabara za Kenya wakiandika kila tai, kipanga na mwewe waliyemwona. Miongo kadhaa baadaye, kati ya 2003 na 2020, hesabu za barabarani zilirudiwa, na mwaka 2022 matokeo yakachapishwa katika jarida la Biological Conservation. Yule tai mweusi mwenye kishungi kirefu kichwani, anayependa kukaa juu ya nguzo na miti iliyo kando ya mashamba, alikuwa amepungua kwa takriban asilimia 94. Kipanga mwenye mkia mwekundu na tumbo jeupe, yule wazungu wamwitaye Augur, alikuwa amepungua kwa takriban asilimia 91. Hawa si ndege wa mbugani peke yake. Ni ndege wa Meru na Embu, wala panya na fuko, ambao wakulima wa umri wangu waliwazoea hata wakaacha kuwatazama. Kama watu wale wa miaka ya 1970 wasingeandika, leo tungekuwa tunabishana tu kama kweli walikuwa wengi au tunajisifia utoto wetu. Na aliyeandika wakati ule hakujua daftari lake lingekuja kusema nini.

Kuna ndege mwingine ambaye kila mtu wa Meru, Tharaka na Embu anapaswa kumjua, na wengi hawajamsikia. Kwa Kiingereza jina lake ni Hinde's Babbler. Ana ukubwa wa kwezi, macho mekundu, na manyoya ya madoa meusi, meupe na kahawia yaliyochanganyika ovyo kiasi kwamba ni vigumu kupata wawili wanaofanana. Huishi kwa vikundi vidogo vya familia, wakubwa wakisaidiana kulisha makinda, na mmoja akianza kupiga kelele wote humwitikia. Duniani kote hapatikani popote ila Kenya. Hata ndani ya Kenya makazi yake ni sehemu chache za kusini na mashariki mwa Mlima Kenya, kushuka hadi pande za Ukambani. Na hayuko ndani ya msitu mkubwa. Yuko katika mabonde ya mito, katikati ya mashamba ya watu, akijificha kwenye vichaka vizito.

Kichaka anachokitegemea siku hizi mara nyingi ni lantana, mmea wa kuja ambao sisi wakulima tunauchukia, tena kwa sababu nzuri. Vichaka vya asili vilipokatwa, lantana ndiyo iliyobaki kando ya mto, na ndege akahamia humo. Watafiti waliomfuatilia, akina Peter Njoroge na Leon Bennun, walionyesha kwamba kuwepo kwake kunategemea vichaka hivyo: vikifyekwa vyote ili kupanda mahindi hadi ukingoni mwa maji, familia ile ya ndege inaondoka. Hivyo usalama wa ndege aliye katika orodha ya dunia ya walio hatarini uko mikononi mwa mtu mwenye panga na robo ekari. Mtu huyo hajaambiwa. Mimi naona ana haki ya kuambiwa, na naamini wengi wetu tukijua kwamba kichaka kile kina wenyewe, tutakiacha kipande kando ya mto. Ninyi mnaolima nyanda za chini, kuelekea Mitunguu na Embu ya chini, nawaomba kwa namna ya pekee mwangalie mabonde yenu.

Kinoru tuko juu kidogo, kwenye takriban mita 1,500, na ndege wetu ni wa kawaida zaidi. Msiwadharau kwa hilo. Shore yupo, kichwa cheusi na manjano chini ya mkia, wa kwanza kuimba alfajiri. Kuzumburu hupanda matawi ya mpera kwa makundi, mikia mirefu ikining'inia. Chozi hunyonya kwenye ua la mgomba. Wapo njiwa na hua, wapo wanana wa manjano wanaochana majani ya mgomba kujengea, wapo chiriku, na yupo kwarara mwenye mdomo uliopinda, ambaye hatuhitaji saa ya kutuamsha akiwa karibu. Kunguru na mwewe wanazunguka karibu na masoko. Mkiwa na bahati na miti yenu ni mirefu, atapita shorobo kutoka upande wa msitu wa Imenti, kijani kwa sehemu kubwa mpaka afungue mabawa na wekundu uonekane.

Sasa, kwa nini mwaka mzima? Waingereza wana hesabu yao ya ndege wa bustani iliyoanza 1979. Kila Januari, mwishoni mwa juma moja, mamia ya maelfu ya watu hukaa dirishani saa moja tu na kuhesabu. Kwa saa hiyo moja iliyorudiwa kila mwaka waliweza kuona kwamba shomoro wa nyumbani, ndege aliyekuwa kila mahali, amepungua kwa zaidi ya nusu. Ni kazi ya kuigwa, lakini si kwa kalenda ile. Kwao Januari ni majira ya baridi kali, na ndege huja bustanini kutafuta chakula. Sisi ikweta inapita kusini kidogo tu mwa mji wetu. Mchana wetu hauongezeki wala haupungui kwa kiasi cha kuonekana. Kinachowaambia ndege wetu wajenge, wahame au wabadili manyoya ni mvua, na mvua haina tarehe maalumu. Ukihesabu mwezi mmoja tu hapa kwetu, umesoma ukurasa mmoja.

Fuateni mwaka pamoja nami. Kuanzia Septemba wanaingia wageni kutoka Ulaya na Asia. Mbayuwayu ndiye rahisi kumjua: koo la wekundu wa matofali, mkanda mweusi kifuani, mkia wenye ncha mbili ndefu. Msimchanganye na mbayuwayu wenyeji ambao wana michirizi tumboni na hujenga viota vya udongo chini ya mapaa yetu. Huyu mgeni ana uzito wa gramu 20 hivi, hajengi hapa, na mtamwona kwenye nyaya za umeme au akiruka chini chini juu ya nyasi za uwanja wa Kinoru akikamata wadudu. Andikeni siku ya kwanza mlipomwona. Andikeni pia siku ya mwisho, mwezi wa Aprili, ambayo ni ngumu zaidi kuikamata kwa sababu hakuna anayeaga.

Kabla mvua za Oktoba hazijashika vizuri mtamsikia kekeo mwenye kifua chekundu. Sauti yake ni milio mitatu inayoshuka, akiirudia asubuhi kutwa hadi mtu achoke, na wakulima wengi huichukua kuwa habari ya mvua. Kuonekana ni nadra. Msikwazike na hilo: ndege aliyesikika huandikwa vilevile, mradi mwandike kwamba alisikika. Hutaga mayai yake katika viota vya ndege wengine, kwa hiyo mkimwona ndege mdogo akimlisha kinda aliyemzidi kwa mbali, andikeni kwa urefu, maana hayo ni maelezo ya thamani.

Upande wetu wa mlima, mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo nzito, kuliko zile za Machi hadi Mei. Wanana hujenga kwa pupa. Kumbikumbi wakiruka baada ya mvua, tazameni juu: wakati mwingine Novemba na Desemba hupita makundi ya kozi wadogo waitwao Amur, waliotoka mashariki ya mbali ya Asia na kuvuka Bahari ya Hindi, wakielekea kusini mwa Afrika. Safari hizo si hadithi za kubuni. Huko Ngulia, katika Tsavo Magharibi, tangu 1969 ndege wanaohama wamekuwa wakinaswa kwa nyavu katika usiku wa ukungu, wakavishwa pete miguuni na kuachiliwa, na pete hizo zimeokotwa maelfu ya kilomita kutoka Kenya. Ndege mdogo wa kijani hafifu anayeruka ruka kwenye mgrevilea wako mwezi wa Desemba, mwenye uzito wa gramu 10 tu, anaweza kuwa alitoka Siberia.

Januari na Februari ni kiangazi. Wekeni maji katika bakuli pana lisilo na kina, mbali na paka, na hesabu yenu itaongezeka. Machi na Aprili wageni wanakula kwa bidii na kuondoka. Halafu inakuja Juni hadi Agosti, baridi na ukungu, miezi ambayo hakuna anayependa kukaa nje. Hapo ndipo ninapowaomba zaidi. Je, kuna ndege wa msituni wanaoshuka bustanini wakati wa baridi ya Julai? Je, chozi wanahama wakati migrevilea haina maua? Maswali haya yatajibiwa na madaftari ya watu waliokaa nje wakiwa wamejifunga shuka.

Sasa namna ya kuhesabu. Chagua mahali pamoja na usipahame: kizingiti cha jikoni, kigoda chini ya mparachichi, dirisha la ghorofani. Chagua wakati mmoja. Ulio bora ni kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa tatu asubuhi, kabla jua halijapanda. Andika tarehe, saa ya kuanza, hali ya hewa na mti gani unatoa maua au matunda. Kisha tulia. Kwa kila aina andika idadi kubwa zaidi uliyoiona kwa mara moja. Wakija kuzumburu wanne, wakaondoka, wakarudi watano, andika watano, si tisa, kwa kuwa huenda ni walewale. Usiongeze aliyekuja dakika tano baada ya muda kwisha, hata kama ni mzuri kuliko wote. Mpe mstari wake peke yake chini ya ukurasa.

Siku ambayo hakuja ndege hata mmoja, andika sifuri. Naomba hili kwa msisitizo. Watu huona aibu kuandika sifuri na huacha ukurasa mtupu, na mtu atakayesoma baadaye hatajua kama ndege hawakuja au wewe ndiye hukukaa. Ni hivyo hivyo kwa ndege usiyemjua. Usimbahatishie jina. Andika: mdogo, kahawia, michirizi kifuani, alikuwa ardhini, akitikisa mkia juu na chini. Mchore hata kama mchoro hautampendeza mtu. Kama nyanya yako ana jina lake kwa Kimeru au Kiembu, liandike hilo kwanza, kwa sababu majina hayo yanaondoka pamoja na wazee wetu. Jina la kitabuni litapatikana baadaye. Kitabu cha Stevenson na Fanshawe kuhusu ndege wa Afrika Mashariki, kilichotoka 2002, kina picha zao karibu wote, na daftari linaweza kumsubiri mwenye nakala.

Najua kuna mkulima anayesoma hapa akiuliza kwa nini ahesabu wezi. Kuzumburu wanamaliza mapapai yake, wanana wanamaliza mtama. Ndugu yangu, hasara yako ni ya kweli na sitaki kuipunguza. Ila wewe hasa ndiye unayehitaji daftari. Likikuonyesha kwamba wanakuja kwa wingi katika majuma fulani mawili, utajua wakati wa kufunika matunda kwa wavu na kuweka mlinzi, badala ya kununua sumu ya mwaka mzima. Na katika daftari lilelile utakuta waliokufanyia kazi bila malipo: wanaookota viwavi kwenye sukumawiki, bundi wanaokula panya wa ghala lako, chozi wanaobeba chavua. Wala sumu haichagui. Panya aliyekula sumu akaliwa na bundi, amemuua bundi.

Kina mama na baba wenye vijana wa manati, wapeni vijana hao kazi hii. Wao ndio wanaojua viota vilipo, miti gani ina nani, na saa ngapi. Ujuzi huo ni mkubwa na unahitaji tu penseli. Kanuni moja isivunjwe: kiota hakiguswi, kinda hachukuliwi, na hakuna anayepanda mti ili ahesabu mayai. Walimu wa Kinoru na mitaa ya jirani, ukuta mmoja wa darasa unatosha kubandika karatasi ya mwaka mzima, na watoto watafurahi kuona mistari yao ikipanda na kushuka pamoja na mvua.

Hesabu zenu hazitaishia sandukuni. Kuna mradi uitwao Kenya Bird Map, unaoshirikisha Makumbusho ya Taifa ya Kenya na A Rocha Kenya, ambao umeigawa nchi nzima katika miraba ya takriban kilomita 9 kwa 9, zaidi ya miraba 6,000. Kinoru ina wake. Kujiandikisha ni bure, na orodha hutumwa kwa simu kupitia programu ya BirdLasser, ambayo nayo ni bure. Nusu saa yenu ya nyumbani inapokelewa kama orodha fupi. Anayetaka kujaza kadi kamili hutembea ndani ya mraba kwa saa mbili au zaidi akiandika kila aina kwa mpangilio wa kuziona, na anaweza kuendelea kuiongezea hadi siku tano. Wengine watapendelea eBird ya Chuo Kikuu cha Cornell, ambayo ilianza 2002 na inapokea hesabu za muda mfupi pamoja na idadi. Atlasi ya kwanza ya ndege wa Kenya, ya Adrian Lewis na Derek Pomeroy, ilichapishwa 1989. Ni karibu miaka arobaini sasa, na Meru ya wakati ule si Meru hii. Ukitaka wenzako wa kukufundisha, Nature Kenya ndilo jina la leo la chama kilichoanzishwa 1909, na matembezi yake ya Jumatano asubuhi jijini Nairobi, yaliyoongozwa na Fleur Ng'weno tangu 1971, yamewalea watazamaji wengi walioanza bila kujua chochote. Hatuna sababu ya kukosa matembezi kama hayo hapa kwetu, Jumamosi moja kila mwezi, kutoka uwanjani Kinoru hadi ukingo wa msitu wa Imenti, kila mtu na daftari lake ili tulinganishe.

Asiye na simu ya kisasa asirudi nyuma. Andika kwa mkono, na kijana wa jirani ataingiza kwa niaba yako. Nina hakika hutamkosa. Andika jina la mtaa kwenye jalada, mwaka, na mahali unapokaa kuhesabu, ili atakayerithi daftari aweze kuketi pale pale.

Tuanze Jumamosi hii, saa moja kamili asubuhi, sote kwa pamoja, kutoka Kinoru hadi Embu. Tarehe, saa, hali ya hewa, mti wenye maua. Kisha ndege wa kwanza.